Land Rover ya Njoro na mkono wangu wa kushoto

Niliikuta imejaa kuku. Sisemi kuku wawili watatu waliopotea njia. Lilikuwa banda kamili: viota vya majani makavu kwenye viti vya nyuma, mavi yamegandana sakafuni kama saruji, na jogoo mwekundu amekaa juu ya usukani ananitazama kana kwamba mwizi ni mimi. Hapo ni Njoro, mwaka 2011, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Mwanawe alikuwa amesikia kwamba Nakuru kuna mzee anayenunua vyuma vya kale, akanipigia simu: mama anataka kile kitu kiondoke, pale anataka kupanda viazi.

Nilizunguka mara mbili. Land Rover Series IIA, ile fupi ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli. Taa za mbele zilikuwa kwenye madigadi, si katikati karibu na radieta kama za awali, kwa hiyo kabla sijaona karatasi yoyote nilijua ilitoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 60 au mwanzoni mwa 70. Kitabu cha gari kilisema 1969. Tairi tatu zilikuwa zimezama ardhini hadi kwenye ringi. Ya nne haikuwepo. Mahali pake paliwekwa gogo la mkaratusi.

"Mama, mnauza pesa ngapi?" nikauliza.

"Wewe toa kuku kwanza," akasema.

Kabla ya kuwa mnunuzi wa mabanda ya kuku nilikuwa dereva wa mbio za magari. Niseme mapema asije mtu akatafuta jina langu: sikuwahi kushinda kitu cha maana. Nilikuwa mmoja wa wale wanaojilipia. Kati ya 1983 na 1999 niliingia Safari Rally mara 11, kwanza na Datsun 160J iliyokwisha kuchoshwa na mtu mwingine, baadaye na Subaru, na nikafika mwisho mara 4. Wa nje akisikia 4 kwa 11 anacheka. Aliyeijua Safari ya zamani hacheki. Mwaka 1963 yalifika magari 7 tu, na 1968 yakawa 7 tena. Nilipoanza ilikuwa zaidi ya kilomita 4,000 kwa siku chache za Pasaka, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Unaruka kilima ukiwa na kasi ya 160 huku ukijua upande wa pili huenda kuna ng'ombe, au lori la kabichi, au waumini wanatoka kanisani.

Tulikulia humo. Nilikuwa na miaka 10 Joginder Singh aliposhinda 1965 na Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya. Sisi watoto hatukujua Volvo ni nini. Kilichotuingia ni kwamba huyu ni fundi wa hapa hapa kwetu, mtu wa grisi, na amewapita wageni waliokuja na timu zao. Baadaye Shekhar Mehta akashinda mara 5, nne zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na mimi nikashindwa kuvumilia. Ng'ombe wawili wa baba na pikipiki moja ndivyo vilivyonunua ile Datsun. Baba alikaa miezi 7 bila kunijibu salamu.

Niliacha mwaka 1999 kwa sababu ya mgongo. Daktari alinionyesha picha ya eksirei, akapitisha kalamu kwenye pingili za kiunoni, akaniuliza kama nilikuwa mpanda farasi.

Sasa kuna aibu ambayo hadharani sijawahi kuisema. Miaka 16 ya mashindano, na sikujua kutengeneza gari. Nilijua linaumwa, sikujua linaumwa nini. Mngurumo ukibadilika niliusikia kabla ya mtu yeyote, nikawaambia mafundi kwenye kituo, kisha nikapewa ndizi na maji na kiti cha turubai. Gari linapanda kwenye jeki, miguu ya watu inatokeza chini yake, spana zinalia, na kabla chai haijapoa naitwa: "Dereva, tayari." Naingia, naondoka. Walichofanya humo ndani hakikunihusu.

Tena ufundi wenyewe wa mbio ni wa namna yake. Fundi wa mbio hatengenezi gari lidumu, analitengeneza lifike kituo kinachofuata. Giaboksi ikilia haifunguliwi, inatolewa nzima inatupwa kwenye gari la huduma, inaingia nyingine. Chuma kikipasuka kinachomelewa juu juu, kikishika saa mbili kimefanya kazi yake. Mimi nilidhani kutengeneza gari ni hivyo tu. Ndiyo maana ile Land Rover ilipofika uani kwangu juu ya lori nilimwambia mke wangu nitaimaliza kwa miezi mitatu.

Ilichukua miaka mitatu na nusu. Mke wangu bado anaitaja ile miezi mitatu mbele ya wageni.

Kosa la kwanza lilikuja wiki ya kwanza, na lilikuwa la spana. Nilikuwa na kijana wa kunisaidia, mwepesi wa mikono, aliyejifunzia kazi kwenye Toyota na Nissan kama mafundi wote wa rika lake. Sanduku lake lote ni la milimita. Bolti nyingi za Land Rover ile ni za inchi. Kichwa cha bolti cha nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaingia vizuri kabisa, inakudanganya kwamba imeshika, kisha unapokaza mkono inateleza na kula pembe. Bolti iliyokaa na kutu miaka 40 haikupi nafasi ya pili. Siku hiyo moja tuliharibu vichwa 9, mimi 6 na yeye 3, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Nilipanda matatu hadi Nairobi, nikatembea Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, duka baada ya duka nikiuliza spana za inchi. Vijana wa kaunta walinitazama kama mtu anayeuliza mafuta ya taa ya kipimo cha chupa. Muuzaji mmoja mzee akaenda nyuma, akarudi na furushi limefungwa kwa gunia, zimepakwa grisi iliyogeuka nta. Hakunitajia bei kwanza. Aliniuliza gari gani. Nilipomwambia, akaongeza na soketi mbili bure.

Kisha nikajifunza kungoja, jambo ambalo mwilini mwangu halikuwemo. Bolti iliyoshika unaisugua kwa brashi ya waya, unaipaka mafuta mepesi, unaigonga kidogo kichwani kwa nyundo ndogo, unaondoka. Kesho hivyo hivyo. Kesho kutwa unaijaribu, si kwa kuifungua bali kwa kuikaza kidogo kwanza, ndipo unairudisha. Ikitoa mlio kama wa mlango wa kanisa ujue imekubali. Kuna bolti moja ya kushikilia springi ya nyuma niliyoipaka mafuta siku 23. Nilihesabu kwa sababu niliandika kwa chaki ukutani.

Mtu anayetaka kununua Land Rover ya zamani hukimbilia bodi, anapiga kofi mlango, anasema bado ngumu hii. Bodi si tatizo. Hawa Rover walipoanza kuziuza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, na alumini haili kutu ile nyekundu tunayoijua. Kinachooza ni chasisi iliyo chini, ya chuma, iliyofungwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope yanaingia humo hayatoki. Kwa hiyo usiangalie kwa macho, chukua nyundo. Lala chini, gonga kuanzia mbele ukienda nyuma, usikilize. Chuma kizima kinalia juu, kilichooza kinajibu "pu" kama papai. Ile ya Njoro ilijibu "pu" kwenye mikono yote minne ya pembeni inayobeba bodi, na kwenye boriti ya nyuma nyundo iliingia ndani ikabaki humo. Nilicheka peke yangu uani.

Alumini nayo ina adui wake, na adui ni chuma chenyewe. Vinapogusana hivyo viwili na pakawa na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe. Nilifungua ukingo wa sakafu nikadhani ni chokaa ya kuku. Nilipopuliza, tundu likatokea nikaona kiatu changu. Sasa kila panapokutana hivyo viwili naweka ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Si wa kiwandani, najua, lakini unafanya kazi.

(FJ40, ile Land Cruiser ya zamani ya Toyota, ni kinyume chake. Ninayo moja, ya mwaka 1978. Injini ile ya silinda sita na chasisi vitatuzika sisi sote, lakini bodi ni ya chuma na inaoza kuanzia chini kwenda juu. Sina mengi ya kusema juu yake. Ni gari zuri, halinipi hadithi.)

Kilichonichelewesha zaidi, hata hivyo, si kutu. Ni kazi za watu walionitangulia.

Upande wa abiria, pale miguu inapowekwa, bati la awali lilikuwa limekwisha na mtu amepiga kiraka. Nilipokwangua lami niliona herufi. Kiraka kilikuwa kimekatwa kwenye debe la mafuta ya kupikia, kikanyooshwa, kikafungwa kwa ribiti 31, zote kwa umbali sawa, kama mshono wa cherehani. Chini yake ametandika mpira mwembamba usipige kelele wala usipitishe maji. Hakuwa na mashine ya kuchomelea huyo, pengine hakuwa na stima. Alikuwa na debe, nyundo, msumari wa kutobolea na siku nzima. Kiraka kile kimeshika miaka isiyopungua 30, kuku wakiwemo.

Nilikaa nacho siku mbili. Kijana wangu akaniuliza, "Mzee, tunakitoa?" Mwanzoni nilisema ndiyo. Nilikuwa nimeshakata bati jipya. Lakini nilikuwa nimeshaona kazi nyingine mle ndani iliyopigwa na fundi wa haraka, kipande cha nondo kimechomelewa kwenye chasisi kikavuta na kupasua kizima kilichokuwa jirani yake, na nikaanza kuwatenganisha: huyu alitengeneza gari lifike sokoni Jumatano, huyu alitengeneza la kufia nalo. Wa nondo nilimjua vizuri. Alikuwa mimi. Kazi yake yote nikaikata. Debe likabaki. Niliupeleka mkebe wa rangi hadi kwenye ukingo wake nikasimama hapo.

Niliipeleka baadaye kwenye onyesho moja la magari ya kale. Mwamuzi, kijana mwenye suti na glavu nyeupe, alipiga magoti, akamulika tochi, akaandika. Nilipoteza alama kwa "ukarabati usiofaa". Mwaka ule Land Rover iliyoshinda ilikuwa na kila kitu kipya hadi skrubu, na mwenyewe aliileta juu ya trela. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Rangi pia. Kwenye mlango wa dereva nilipiga msasa mraba wa upana wa kiganja, taratibu, nikitumia maji. Juu buluu. Chini yake nyeupe, na kwenye nyeupe kukatokea mguu wa herufi. Nikafuata ile herufi mchana kutwa. Ilikuwa Z, iliyochorwa kwa mkono, mguu wake mmoja mrefu kuliko mwingine. Ilipofika jioni nilikuwa nimesoma MAZIWA. Chini ya hapo kijani cha kiwandani. Nilimpigia simu yule mama. Akanyamaza kidogo, akasema mume wake ndiye aliyeandika, kwamba alikuwa anakusanya maziwa ya majirani kila alfajiri, na Z ile walimcheka nayo kijiji kizima.

Kitabu cha gari kilikuwa na jina la huyo marehemu, na kulihamisha kulinizungusha ofisi kwa ofisi karibu mwaka mzima, na sitaki kuandika juu ya hilo. Niseme tu kwamba ukinunua gari la namba za zamani, zile zisizo na herufi ya mwisho, anza na karatasi kabla ya spana. Na usidhani utaagiza jingine ng'ambo kama hili likikushinda. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Yaliyopo ndiyo hayo hayo, chini ya mikaratusi.

Injini ya petroli ya lita 2.25 ilinisamehe mengi. Farasi 77 hivi ilipokuwa mpya, haina mbwembwe, kila kitu unakifikia kwa mkono. Ilipowaka mara ya kwanza mwaka 2014 ilitoa moshi wa buluu uliofunika ua, jirani akaja na ndoo ya maji. Kisha nikaitoa barabarani, na hapo ndipo nilipoaibika.

Gia ya kwanza na ya pili za Series IIA hazina kile kifaa kinacholinganisha mizunguko. Unapotaka kurudi kutoka ya tatu kwenda ya pili, lazima mizunguko uilinganishe mwenyewe. Mimi dereva wa Safari Rally, niliyeshuka mteremko wa Tambach usiku kwenye mvua, nikasaga gia kuanzia lango langu hadi mwisho wa mtaa, watoto wakiziba masikio. Kwenye kona pale amekaa mzee mmoja, zaidi ya miaka 80, aliyewahi kuwa dereva wa Mkuu wa Wilaya. Akaninyoshea fimbo nisimame.

"Kijana," akaniita, nami nina miaka 59, "unaiumiza."

Alipanda upande wa abiria kwa shida, fimbo kati ya magoti. Akanielekeza: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, kanyaga mafuta kidogo injini ipande, klachi tena, ndipo uingize. Nikajaribu nikasaga. Nikajaribu nikasaga. "Unaisukuma," akasema. "Gia haisukumwi. Inaitwa. Iite, ingoje." Mara ya saba au ya nane ikaingia bila sauti, kama kisu kwenye siagi ya jua. Mzee hakusema vizuri wala nini. Alisema nimrudishe kwenye kivuli chake.

Gia ya tatu ndiyo iliyobaki na shida. Ilikuwa inaruka. Unapanda kilima, unaachia mafuta kidogo, kaa! wenzo unarudi katikati peke yake. Na sauti ile niliijua. Niliijua sana.

Mwaka mmoja mwanzoni mwa miaka ya 90 gia ya tatu ya Subaru yangu ilianza kuruka hivyo hivyo, tukiwa na nafasi nzuri kuliko miaka yote, na upande wa Marigat ikafa kabisa. Joto la Baringo, vumbi hadi kwenye meno, na mimi nikashuka na kumfokea fundi wangu mkuu mbele ya watu wote. Giaboksi ile aliifunga yeye kwa mikono yake wiki moja kabla. Nilimwambia ameifunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Nilisema na mengine. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta, kidole kimoja kimoja, hadi nilipomaliza. Alikaa hadi mwisho wa msimu kwa sababu aliahidi, kisha akaondoka. Hatukuonana miaka zaidi ya 20.

Kijana wangu ndiye aliyempata, bila kujua anampata nani. Aliniambia Elburgon kuna mzee anachomelea mageti na mikokoteni ya mkono, lakini zamani alifungua giaboksi, na watu wanasema hakuna kama yeye. Nilijua kabla hajamaliza.

Sikumpigia simu. Nilitoa giaboksi. Kwenye hizi Land Rover haishuki chini; unaondoa viti na sakafu, inapandishwa juu kupitia ndani, watu wanne na mnyororo. Nikaiweka nyuma ya pikapu, nikaenda.

Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa waya. Alinitazama, akatazama pikapu, akasema, "Dereva."

"Fundi," nikasema.

Akaniambia tuishushe pale kwenye benchi la geti, akamfukuza mbuzi.

Alifungua bila kuzungumza. Kila nati aliyoitoa aliirudisha kwa vidole kwenye bolti yake, nusu mzunguko, isipotee. Nilikuwa nimesahau kwamba hufanya hivyo. Karibu saa tisa alitoa kile chuma chenye miguu miwili kinachosukuma gia, akakifuta kwa kitambaa, akakiinua mwangani. Akaniita nikisogelee. Mguu mmoja ulikuwa bado una mistari ya mashine ya kiwandani. Mwingine ulikuwa umeliwa, umelainika kama kokoto ya mtoni, na ukingo wake una rangi ya buluu ya joto.

"Beringi ikifa inakula huku na huku," akasema. "Hii imekula upande mmoja. Huyu aliyekuwa anaiendesha alikuwa anapumzisha mkono juu ya gia. Uzito wa mkono unasukuma hiki kidogo tu, muda wote, kwenye chuma kinachozunguka. Humuoni anafanya kosa. Amekaa vizuri tu."

Sebuleni kwangu kuna picha kubwa, mke wangu huipangusa vumbi kila Jumamosi. Ilipigwa kutoka upande wa kushoto, gari liko hewani, unaniona mimi nimekaza taya, mkono wa kulia kwenye usukani. Wa kushoto uko juu ya gia. Iko nyingine ukumbini, mwaka tofauti, gari tofauti. Mkono uko pale pale.

Nilisema, "Fundi, ile siku ya Marigat."

"Marigat ipi?" akauliza, akatafuta spana.

Labda alisahau kweli. Nimefikiria sana kuhusu hilo na nimeamua kutoliamulia. Nilimwambia hata hivyo, nikiwa nimesimama, mbele ya kijana wangu na mteja mmoja aliyekuja kuchukua mkokoteni, kwa sababu siku ile pia kulikuwa na watu. Alisikiliza akiwa amenipa kisogo. Nilipomaliza akaniambia mteja yule ana haraka, nimsaidie kupakia.

Kipuri hicho kilichukua miezi miwili kupatikana. Aliifunga giaboksi mwenyewe, akakataa malipo, kisha jioni akanipigia simu akataja bei, nzito kidogo, nikalipa yote.

Siku tuliyoipeleka Njoro mama aione, Fundi alikuja, akakaa upande wa abiria akiwa na koti la Jumapili, miguu juu ya debe. Mama alizunguka mara mbili kama nilivyozunguka mimi. Aligusa ile Z kwa kidole. Akachungulia viti vya nyuma, akanusa, akasema tumetoa hata harufu, na uso wake haukuonyesha kama ni sifa au lawama. Pale penye banda viazi vilikuwa vimestawi. Alitupa gunia nusu.

Kurudi tulipanda kile kilima kifupi nje ya mji. Nikaiita ya tatu, ikaingia. Fundi alikuwa anatazama mashamba ya ngano.

"Mkono," akasema, bila kugeuka.

Nikauondoa. Kabla hatujafika barabara kuu ulikuwa umerudi, na akasema tena.